Tupeane uzoefu: seti za zamani za vyombo vya anga za juu, wapi zinasumbua na dawa yake

Wadau, uzi huu ni wa wanaounga seti za plastiki za kuanzia miaka ya 60 hadi 80: Enterprise ya Star Trek kutoka kampuni ya AMT (1966), Eagle ya Space: 1999 na Falcon ya Star Wars kutoka kampuni ya MPC, na jamaa zao. Karatasi ya maelekezo huonyesha kipande kinaingia wapi, basi. Kitakachoharibika haikisemi. Tuchangie hapo, kwa vipimo na hatua.

Msasa400
Naanza na Enterprise, maana ugonjwa wake unajulikana: injini mbili za juu huinama. Kila injini ni bomba refu lililobebwa na nguzo nyembamba, na nguzo hiyo inashika kiwiliwili kwa ulimi mfupi tu. Gundi ya plastiki hufanya kazi kwa kuyeyusha, kwa hiyo inaulainisha ulimi uleule unaotakiwa kubeba uzito. Ukiachia mapema, injini inashuka taratibu na utaigundua kesho yake.

Kabla ya kufunga nusu mbili za kiwiliwili, chonga mfereji kwenye uso wa ndani wa nguzo, laza kijiti cha shaba cha milimita 1, kiingie mpaka tumboni mwa kiwiliwili, kisha shika kwa epoksi (gundi ya kuchanganya). Usitumie ile inayoganda kwa dakika 5, haikupi nafasi ya kusawazisha. Kata kigezo cha kadibodi cha kushikilia injini zote mbili. Ukitazama kutoka mbele, pembe ya kushoto na ya kulia zilingane. Kutoka juu, injini ziwe sambamba. Acha saa 24, ndipo upake puti na msasa: 220, 400, 600.

Kuhusu mistari iliyochongwa juu ya sahani (ile sehemu ya mviringo ya mbele), imezidi. Modeli halisi iliyotumika kupiga picha za kipindi, yenye urefu wa takriban mita 3.4, ipo National Air and Space Museum, makumbusho ya Marekani, na mistari yake ilichorwa kwa penseli. Anayetaka uhalisia aisawazishe yote.

Fundi Stika
Stika za maji ndizo zinazoua kazi nyingi. Zikiwa za manjano, zitie kwenye mfuko wa plastiki, zibandike dirishani upande wa jua siku kadhaa, manjano hupungua. Kabla ya yote piga skani karatasi nzima kwa ubora wa juu, ili zikifa uweze kuchapisha nyingine.

Kisha jaribu moja usiyoihitaji, kwa mfano nembo ya kampuni. Maji ya uvuguvugu, sekunde 30 au zaidi.

Rubani wa Mezani
Mkuu, na ikimeguka vipande ndani ya maji?

Fundi Stika
Basi utando unaoshika mchoro umekufa, na zilizobaki usizitumbukize bado. Paka Liquid Decal Film ya Microscale juu ya karatasi nzima, ikauke kabisa. Utando mpya hautafuata mipaka ya zamani, kwa hiyo kila stika ikate kwa mkasi karibu na mchoro wake. Bandika juu ya rangi inayong'aa. Rangi isiyong'aa ina vinyweleo vinavyonasa hewa, ndiyo ile rangi ya fedha unayoiona chini ya stika.

Volti Tisa
Taa. Vibalbu vya zamani vinatoa joto, na plastiki hii hailipendi. Weka LED. Nyeupe moja inataka kama volti 3 na miliampia 20. Kwa betri ya volti 9 ni (9 − 3) ÷ 0.02 = omu 300, kwa hiyo chukua rizista ya 330. Mbili kwa mfululizo, omu 150. Jaribu kabla ya kufunga, kwa sababu ukishafunga hakuna mlango.

Ndani paka nyeusi, kisha nyeupe juu yake. Bila nyeusi chombo kizima kitawaka kama kibatari. Nyuzi za kupitisha mwanga zishike kwa gundi nyeupe ya mbao: supaglu huzifanya kavu zikakatika zikikunjwa, na mvuke wake hutia ukungu vioo.

Msasa400
Kwa waliopata modeli iliyokwisha kupakwa: alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na kuendelea huondoa rangi nyingi za akriliki. Kromu, ile ngozi ya fedha inayong'aa kwenye vipande, hutoka kwa dawa ya klorini ya kufulia. Asetoni msiiguse, inayeyusha plastiki yenyewe.

Boksi Kamili
Kwa wakusanyaji: mwaka uliochongwa kwenye plastiki ni wa kalibu, si wa kutolewa kwa seti. Kampuni ya Round 2 leo inatoa upya seti za AMT na MPC, kwa hiyo kagua nembo na miaka yote kwenye boksi, soma maandishi madogo ya pembeni. Nailoni ya kufungia si ushahidi, mashine za kufungia upya zipo kila mahali. Kama boksi limeshafunguliwa, hesabu vipande fremu kwa fremu (fremu ni vijiti vya plastiki vinavyoshika vipande kabla ya kukatwa) ukilinganisha na karatasi ya maelekezo. Vya kioo na stika ndivyo hukosekana kwanza. Maboksi yasibebeshane zaidi ya matatu, pembe hupasuka. Anayetaka kuunga anunue toleo jipya, la zamani libaki na fremu zake.