Tupeane uzoefu: jumuiya, msikiti na kanisa siku ya msiba

Ndugu zangu wa Mwanza na visiwani, naomba tusimuliane namna dini inavyotushikamanisha mitaani, hasa tunapofiwa. Baba yangu alifariki tukiwa tumepanga Mabatini, mwaka wa kwanza tangu tutoke Sengerema, na ndugu wote wakiwa ng'ambo ya ziwa. Kabla ya saa nne asubuhi wanajumuiya, yaani Wakatoliki wa mtaa wetu wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, walikuwa wamekwisha kufunga turubai, wameazima viti na masufuria, na daftari la rambirambi limefunguliwa. Daftari hilo ninalo hadi leo, na majina saba ya mwanzo ni ya majirani Waislamu. Mmoja wao, mzee anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, alichimba kaburi pamoja na vijana wa kwaya, kisha padri alipoanza sala akasimama kando kwa adabu mpaka mwisho. Tangu siku hiyo sikubali kuambiwa kwamba jumuiya ni ya kusali rozari tu.

Mkazi wa Igoma:
Poleni kwa msiba huo. Kaka yangu alikuwamo katika meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na mwili wake hatukuutambua. Katika makaburi ya hapa Igoma wamelala wahanga wa ajali ile, na mama, Mwislamu wa swala tano, hufika pale kila Mei pamoja na jirani yetu Mlutheri. Mmoja husoma Yasini, mwingine husali kimya, kisha hurudi nyumbani wameshikana mikono. Naamini bila dua ile mama asingepata pa kuutua mzigo wa kuomboleza mtoto asiye na kaburi linalojulikana.

Dada wa Ukerewe:
Nami niseme lililoniuma. Shangazi yangu aliugua muda mrefu, akashindwa kutoa michango ya jumuiya, na alipofariki kiongozi mmoja alisema hawezi kuzikwa kwa ibada mpaka deni lilipwe. Kina mama wa kanisa jingine ndio waliokuja kukesha nasi na kupika.

Mwanzisha mada:
Dada yangu, pole sana. Hilo halikustahili kumpata mgonjwa. Hata kwetu Mabatini lilizuka jambo kama hilo, tukabishana jioni mbili, na hatimaye tukaandika katika daftari la jumuiya kwamba mgonjwa hadaiwi mchango, na kwamba zamu ya kumpelekea uji huanza siku anapolala kitandani.