Picha yangu ikigeuzwa stika, nimeibiwa au nimetaniwa?

Mleta mada

Wakuu, hili limenikaa kooni. Mwaka juzi pale Kariakoo nilimpiga picha mzee mmoja wa mkokoteni, kalala chali juu ya magunia, mdomo wazi, nzi katua kwenye paji la uso. Wiki mbili baadaye ikanirudia kwenye grupu la familia ikiwa stika: "Jumatatu saa mbili asubuhi". Nilicheka hadi machozi. Mwezi uliofuata nikaikuta kwenye tangazo la watu wa mikopo: "Umechoka? Kopa leo." Hapo sikucheka.

Msimamo wangu: stika iachwe, tangazo lilipiwe. Kule Marekani mama mmoja alimpiga mwanawe picha ufukweni mwaka 2007, katoto kamekunja ngumi yenye mchanga, sura ya mtu aliyeshinda vita. Dunia nzima ikaichezea miaka na miaka. Mwaka 2020 kamati ya kampeni ya Steve King, mbunge wa Iowa wakati huo, ikaibandika kwenye tangazo la kuomba michango. Mama akashtaki, akapewa dola 750, na 2024 mahakama ya rufaa haikuibadilisha hukumu. Hela ya mboga ukilinganisha na gharama za kesi, lakini kamati ilionekana na kosa.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, unarahisisha. Hizi kurasa za vichekesho zenye wafuasi laki tatu zinaweka stika asubuhi, jioni zinaweka tangazo la sabuni. Huo ni utani au ni duka?

Halafu ukisema sheria iingie, jiulize nani ataisimamia. Machi 2019 Bunge la Ulaya lilipitisha sheria mpya ya hakimiliki kwa kura 348 dhidi ya 274, na kelele kubwa ilikuwa kwamba picha za utani zinazikwa. Kumbe kifungu cha 17 kinazitaja kabisa katuni na uigaji wa kejeli kuwa ni ruksa. Sawa, ruksa ipo kwenye karatasi. Mlangoni mwa mitandao anakaa programu ya kompyuta, yenyewe inalinganisha picha na picha. Utani haiujui. Ikiona zimefanana inafuta, wewe uanze kuandika barua za malalamiko.

Mchangiaji wa pili

Mnagombania picha, mzee wa mkokoteni kaulizwa? Mleta mada, wa kwanza kuchukua bila kuomba ni wewe. Hakimiliki ni ya aliyebofya, aliyelala hana chake. Hata hiyo kesi yako, mama alishinda kwa sababu kamera aliishika yeye. Dai la faragha ya mtoto liligonga mwamba.

Mleta mada

Hapo umenikamata, sikumuuliza. Nilimfuata baadaye nikamwonyesha stika, akacheka akawaita wenzake wote wa kijiweni waione. Nilipomwonyesha la mikopo akanyamaza, akavuta simu karibu na macho, kisha: "Hawa wamekulipa shilingi ngapi?" Nikamwambia hata senti. Nadhani hakuniamini.

Tuliache la stika, mimi mwenyewe ninayo kwenye simu. Kuna mtu humu amewahi kupeleka kesi ya picha COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki ya Tanzania? Na kama nitalipwa, mzee nimkatie kiasi gani?

Mchangiaji wa pili

Nusu. Na kesho umpelekee soda.