Mrejesho: mi yule wa friza ya samaki hapa Langoni, Lamu

Asalam aleikum jamani, mi ndo yule niloulizia mwezi ulopita mbona nauza samaki kila siku na mfukoni sioni kitu, tena stima ikipotea mzigo waharibika. Basi nkafanya mlivonambia, nkafungua Pochi la Biashara (ile pochi ya M-Pesa ya biashara, mbali na ya kawaida), pesa ya wateja yaingia huko, ya nyumbani yabaki kwa M-Pesa ya kawaida, nami najilipa mia tano kwa siku basi. Wiki ya kwanza tu nkaona shimo: kredi, nauli ya boti, na shemeji wa "nikopeshe ntakupa Ijumaa", yote yalikuwa yatoka kwa samaki! Bima nayo nilienda kuuliza, kumbe ile ya bei nafuu nlopewa yalipa moto na wizi, samaki kuoza sababu ya stima haimo, lau nsingesoma karatasi ningekuwa nalipa bure. Kwa hivo nkanunua boksi kubwa la barafu, na mia mbili kila siku naweka, haiguswi mpaka msimu wa kusi, upepo ukivuma bahari ichafuke. Jana stima ilipotea alasiri mpaka alfajiri, nguru wote wazima. Shemeji bado hajalipa.