Naomba ushauri: tembe ya kisukari ya mama ilionekana chooni, tukaanza kuitwanga

Mleta mada

Wanajukwaa, salaam. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, alikuwa akitumia metformini ya kawaida, ikawa inamsumbua tumbo, ndipo daktari akambadilishia ile inayotoa dawa polepole: tembe mbili za miligramu 500 kwa pamoja, wakati wa chakula cha jioni. Wiki ya pili aliona chooni kitu laini chenye umbo la tembe. Tulidhani dawa inapita bila kuyeyuka, na kwa kuwa tembe zenyewe ni kubwa na humkwama kooni, dada yangu akaanza kuzitwanga na kuzikoroga katika uji. Sasa kichefuchefu na kuharisha vimerudi. Je, dawa ni mbovu, au sisi ndio tuliokosea?

Mzizima

Pole kwa kuuguza. Mimi ningeirudisha dukani. Kitu kilichoingia kizima kikatoka kizima kimefanya kazi gani?

Mfamasia Mstaafu

Ndugu Mzizima, shaka yako inaeleweka, lakini kilichotoka ni ganda tu. Dawa yenyewe ilikwisha kubaki mwilini.

Kila aliyewahi kupika uji anayajua madonge: unga ukimwagwa majini bila kukorogwa, nje ya donge hulowa na kuwa ute mzito, huku ndani ukibaki mkavu, kwa sababu ute huo huo ndio unaozuia maji yasipenye upesi. Tembe ya mama imeundwa ifanye hivyo kwa makusudi. Metformini huyeyuka majini kwa urahisi mno, kwa hiyo imechanganywa na polima (kitu chenye molekuli ndefu kama minyororo), mara nyingi haipromelosi inayotokana na selulosi ya mimea, ambayo ikikutana na maji ya tumboni huvimba na kuizunguka tembe kwa tabaka la jeli. Maji huingia taratibu, dawa huyeyuka na kupenya kwenye jeli kidogo kidogo, na jeli yenyewe humomonyoka kwa nje. Dawa ikiisha, jeli inaweza kubaki na kutoka na choo. Ukubwa mnaoulalamikia nao unatokana na polima hiyo, kwa kuwa ikiwa chache tabaka la jeli hukosa uimara.

Kwa metformini ya kawaida, kiwango cha juu katika damu hufikiwa baada ya saa mbili na nusu hivi. Kwa hii ya polepole, takribani saa 7. Mlipoitwanga mlivunja kizuizi hicho, miligramu 1,000 zikafunguka kwa pamoja, na bila shaka hapo ndipo tumbo lilipochafuka tena. Shukuruni kwamba ni metformini. Nifedipini, dawa ya shinikizo la damu, ile ya kutoa polepole ikitwangwa inaweza kushusha shinikizo la damu ghafla na kumdhuru mgonjwa.

Mleta mada

Nashukuru sana, mzee wangu. Je, tukiikata katikati tu?

Mfanyakazi wa Maabara

Msiikate. Zipo tembe za kutoa polepole ambazo mtengenezaji ameruhusu zigawanywe, lakini ruhusa hiyo hutolewa kwa kila dawa peke yake, na tembe za metformini za aina hii humezwa nzima. Ukiikata unaongeza eneo linaloguswa na maji na kufupisha njia ya dawa kutoka ndani, hivyo mwendo wa utoaji hubadilika. Kwetu tunaizungusha tembe katika kimiminika chenye nyuzi joto 37 na kupima kiasi kilichotoka baada ya saa kadhaa tofauti, kwa kuwa tembe inayotoa upesi mno hukataliwa sawa na inayochelewa mno. Mtengenezaji huurekebisha mwendo huo kwa kuchagua mnato wa polima, yaani uzito wa ute wake: daraja moja la haipromelosi, katika mchanganyiko wa asilimia 2 na maji, lina mnato wa takribani milipaskali-sekunde 4,000, na jingine 100,000.

Mfamasia Mstaafu

Kama kumeza kumeshindikana, mrudisheni mama kwa daktari na mumweleze hivyo. Metformini ya maji ipo, ingawa haipatikani kila duka, na dozi yake ataipanga yeye. Kama bado anaweza kumeza, aketi wima, anywe kwanza funda la maji, aziweke tembe moja moja na kuzisindikiza kwa glasi nzima ya maji bila kuzishikilia mdomoni, kwa maana polima ikianza kulowa hapo hugeuka utelezi unaonata kooni. Na zinywewe na chakula kama alivyoagiza daktari, kwani chakula huichelewesha tembe iliyovimba tumboni, nayo metformini hufyonzwa zaidi katika sehemu ya juu ya utumbo mwembamba.