Mtoto wa miaka 5 meno yametoboka na akiona daktari wa meno anapiga nduru, nifanyeje?

Mama Shamim, Tororo
Habari zenu wazazi wenzangu. Naomba ushauri na tafadhali msinigombeze, niko na mawazo ya kutosha. Binti yangu ako na miaka 5, yuko topu klasi, darasa la mwisho la nasari, na magego mawili ya chini yametoboka, moja kushoto moja kulia. La kushoto chakula kinaingia tu na akinywa maji baridi anashika shavu. La kulia ndilo linanimaliza, linamwamsha usiku hata kama hajala kitu, analia mpaka nyumba nzima inaamka. Tulimpeleka kiliniki moja wakasema ling'olewe, watu wazima watatu wakamshika mikono miguu na kichwa, sindano ikaingia akiwa anapiga mateke, mwisho jino halikutoka na yule wa meno akakasirika akatuambia turudi mtoto akishapata adabu. Tangu hiyo siku hata mswaki hataki, akiona mtu na koti nyeupe anatetemeka. Baba yake anasema tuache, ni meno ya utoto yataanguka yenyewe. Jaja yake, yaani bibi, anasema tumfunge na leso tung'oe yote mawili tumalize. Mimi sitaki ashikwe vile tena. Kuna njia ya kumtibu bila vita?

Boda wa Malaba
Pole dada. Sisi kwetu mtoto akiumwa jino tunaponda asprini tunaweka kwa shimo, inatuliza.

Afisa wa Meno, Mbale
Ndugu wa Malaba hapana, hiyo tuiache kabisa. Asprini ikikaa kwa fizi inachoma nyama, na mtoto hatakiwi kupewa asprini hata ya kumeza, inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Mpe parasetamoli ya maji kwa kipimo cha kilo zake, hiyo inatosha kumvusha usiku.

Mama Shamim, mimi kazi yangu ni hii kwa hiyo niruhusu niandike ndefu. Kwanza mwambie baba yake kwa heshima kwamba magego ya utoto yanakaa mpaka miaka 10 hata 12. Huyu ana 5. Hakuna mtoto wa kungojea jino bovu miaka yote hiyo, usaha utaingia chini kwa mfupa na unaweza kuharibu jino la ukubwa linalojitengeneza pale pale chini.

Pili, hayo meno mawili si ugonjwa wa kiwango kimoja. La kushoto linaloshtuka na baridi halafu linatulia, mara nyingi mshipa bado mzima. Hilo linaweza kutibiwa bila sindano na bila mashine ya kelele. Kuna dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi, inapakwa kwa kibrashi kidogo kama dakika moja tu, inaua wadudu na kuoza kunasimama. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Au tunakwangua uozo laini kwa vyombo vya mkono tu halafu tunaziba na simenti inayotoa floridi. Njia hiyo ya mkono ilianzia hapa jirani Tanzania miaka ya 1980, kwa ajili ya sehemu zisizo na stima, na leo inatumika nchi nyingi. Njia ya tatu ni kofia ya chuma, jino linafunikwa lote bila kukwangua, wadudu wakikosa chakula wanalala.

La kulia sasa, linalomwamsha lenyewe usiku, hapo mshipa umeshaguswa. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi. Ni kutibu mshipa au kung'oa, na sitakudanganya. Lakini kung'oa si lazima kuwe vile alivyofanyiwa.

Baba Wawili, Jinja
Afisa swali. Hiyo dawa nimesikia inageuza jino kuwa jeusi tii. Mtoto wa kike si watamcheka shuleni?

Afisa wa Meno, Mbale
Kweli, sehemu iliyooza inakuwa nyeusi na inabaki hivyo, sehemu isiyooza haibadiliki. Ndio maana mzazi lazima aelezwe kabla. Kwa gego la nyuma huko hakuna anayeliona, kwa meno ya mbele wengi wanakataa na ni haki yao. Ikidondokea ngozi doa linaisha baada ya siku kadhaa, nguo ndio haitoki kwa hiyo asivae yunifomu.

Mama Shamim, Tororo
Asante sana dokta. Sasa huo uoga tunautoaje? Maana hata mlangoni hatafika.

Mwalimu wa Nasari, Iganga
Mama, usimwambie "hautaumia", na sindano usiitaje kabisa kama kitu cha kumtisha, hata siku amekusumbua nyumbani. Mtoto ukimdanganya mara moja amemaliza na wewe. Mwambie ukweli kwa maneno madogo, utasikia kubanwa, utasikia baridi, mama niko hapa. Mpeleke asubuhi akiwa amelala vizuri na amekula, si jioni amechoka na njaa. Na kabla ya kumpeleka nenda wewe mwenyewe bila mtoto, uongee na mtu wa meno, umweleze kilichotokea. Akianza kukujibu kwa ukali ondoka tafuta mwingine.

Afisa wa Meno, Mbale
Mwalimu amemaliza karibu yote. Mimi siku ya kwanza sitoi hata chombo, mtoto anapanda kiti kinapanda kinashuka, tunahesabu meno kwa kioo, basi anaenda nyumbani. Kila kitu anaambiwa, anaonyeshwa kwenye kidole chake, ndipo kinafanywa mdomoni. Tunapatana alama, akiinua mkono nasimama, na lazima nisimame kweli. Kabla ya sindano napaka jeli ya ganzi kwa fizi, nangoja, halafu dawa naiingiza polepole sana, maana ikisukumwa haraka ndio inauma. Akiwa mdogo zaidi anakaa kwa mapaja ya mama. Uliza helthi senta foo, yaani kituo cha afya cha ngazi ya nne, au hospitali ya wilaya kama kuna afisa wa meno, na ikishindikana kabisa Mulago kule Kampala kuna idara nzima ya meno.

Ila kitu kimoja hakingoji urafiki. Uso ukivimba, joto likapanda, akashindwa kumeza au kufungua mdomo, siku hiyo hiyo hospitali hata kama ni usiku.

Nakato mama mpya
Samahani naingilia. Wangu ana miezi 5 anaharisha na fizi zimevimba, jirani anasema ni ebinyo, yale wanayoita meno ya uongo, twende kwa mzee ayatoe.

Hajati wa Bombo
Mwanangu usithubutu! Mjukuu wangu walimtoa na spoku ya baiskeli, tulikaa naye wodini damu imemwishia, na mpaka leo ni kijana mkubwa pale kwa jino la chonge ni pengo. Nimelia sana kwa hilo jambo. Mpeleke mtoto hospitali leo.

Afisa wa Meno, Mbale
Hajati asante kwa kusema. Nakato, huo uvimbe ni jino lenyewe linajiandaa chini ya fizi. Kuharisha kunatibiwa kwa maji ya ORS na zinki huku unaendelea kumnyonyesha. Nenda leo.

Mama Shamim, Tororo
Narudi kuwashukuru. Nilienda kwanza peke yangu hospitalini nikapata dada mmoja mpole, mara ya kwanza Shamim alikaa tu kwa kiti akahesabiwa meno. Leo la kushoto limepakwa dawa, na la kulia limetoka, alilia kidogo kwenye sindano lakini hakuna aliyemshika, alikaa kwa mapaja yangu. Baba yake alikuja naye. Sasa mdomo wa chini umekufa ganzi na anautafuna tafuna, ni sawa?

Afisa wa Meno, Mbale
Hongera sana mama! Usimwache autafune, ataamka na kidonda kikubwa, mkalie karibu mpaka ganzi iishe, kama saa mbili tatu hivi. Asinyonye kitu kwa mrija leo, chakula kiwe laini na kisiwe moto, uji uliopoa ni sawa. Uliza pia kuhusu kile kichuma cha kushikilia nafasi, kwa sababu gego la miaka 6 likianza kutoka linaweza kusogea mbele likaziba njia ya jino la ukubwa lililo chini ya fizi. Kesho kutwa mwanzishe mswaki, dawa ya floridi kiasi cha punje ya njegere, umpigishe wewe mwenyewe. Chai ya sukari baada ya mswaki wa usiku hapana, maji tu.