Naomba ushauri: kaseti za harusi zinatoka na meno ya kitana kwenye DVD

Himbi_Juu
Jambo wandugu. Niko Goma. Nina kaseti tatu za MiniDV (zile ndogo za kamera ya video) za harusi ya yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, Agosti 2001. Sherehe ilifanyika uani kwa baba, katikati ya mji, na tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ikapita palepale. Nyumba haipo tena. Mama anataka kuiona ile baraza kwenye televisheni yake, na anataka DVD, maana kwenye simu haoni vizuri.

Nimezihamishia kwenye kompyuta kwa waya wa FireWire, kila kaseti ya saa moja imekula kama GB 13. Mtu akitulia, picha safi kabisa. Watu wakianza kucheza, mikono na vitenge vinakatika mistari mistari kama meno ya kitana. Kijana mmoja wa studio akanitolea hiyo mistari: kitana kikaisha, lakini picha imefifia na wachezaji wanakwenda kwa kurukaruka. Nikachoma mwenyewe bila kutoa kitu, sasa kila anayetembea anatetemeka, kama anakwenda mbele na kurudi nyuma. Diski nne zimeshaharibika. Nisaidieni.

Fundi_Kadutu
Pole sana ndugu. Kwanza, yale mafaili ya GB 13 usiyafute hata kama nafasi imebana.

Kitana si ubovu. Kamera ya PAL, mfumo wa video wa kamera yenu, haipigi picha nzima 25 kwa sekunde, inapiga nusu-picha 50. Nusu ya juu ina mistari ya 1, 3, 5, nusu ya chini ina ya 2, 4, 6, mpaka ifike 576. Kati ya nusu moja na nyingine mkono wa mchezaji umeshasogea. Kompyuta inazibandika mbili pamoja, ndiyo unaona meno. Televisheni za zamani zenye mgongo zilionyesha nusu moja baada ya nyingine, na DVD imetengenezwa kuzibeba hivyohivyo. Kwa hiyo usiitoe mistari! Huyo kijana alibakiza picha 25 tu, mwendo wote wa ngoma ukapotea.

Kutetemeka ni jambo lingine: mpangilio umegeuzwa. DV, yaani video ya kaseti zako, huanza na nusu ya chini, na naona programu yako imeambiwa ianze na ya juu. Iambie ni video ya mistari inayopishana, nusu ya chini kwanza, MPEG-2 (namna DVD inavyobana video), ukubwa wa picha 720 kwa 576. Na usibadilishe kimo cha picha, hata kidogo, maana ukikibadilisha nusu zinachanganyikana na hapo hakuna dawa.

Himbi_Juu
Aksanti sana papa fundi. Lakini televisheni ya mama ni bapa. Bado niiache mistari?

Fundi_Kadutu
Iache. Televisheni bapa, au deki yenyewe, inaziunganisha nusu wakati wa kuonyesha.

Katuba_Video
Nakubaliana na mkubwa, ila mimi hapa Lubumbashi wateja wengi wanataka na ya WhatsApp. Hiyo ndiyo unayoitoa mistari, kwa filta ya bwdif au yadif, na uiambie itoe picha 50 kwa sekunde, siyo 25. Hiyo ya WhatsApp itengeneze kutoka kwenye faili la kaseti, siyo kutoka kwenye DVD.

Halafu usibane kaseti tatu kwenye diski moja. Diski ya GB 4.7 kwa saa tatu inakupa megabiti 3 na nusu tu kwa sekunde, sauti ikiwemo, na ngoma yenye watu wengi itajaa vipande vya mraba. Kaseti moja, diski moja, kama megabiti 8. Jaribu kwanza kwenye DVD-RW, ile diski inayofutika, dakika moja ya watu wanaocheza. Watu waliokaa hawatakuonyesha kosa la mpangilio.

Himbi_Juu
Wandugu, ilikuwa ni hiyo nusu ya chini. Nimechoma dakika moja kwenye DVD-RW, vitenge vinapepea vizuri kabisa, hakuna anayetetemeka. Mama ameitazama mara tatu, kisha akaniambia nisimamishe pale mlango wa jikoni unapoonekana nyuma ya wachezaji. Akakaa anautazama. Kaseti nzima ya kwanza naichoma usiku huu, umeme ukirudi.

Fundi_Kadutu
Ichome kwa mwendo wa chini. Na umtolee yaya nakala yake.