Betri mbili, koili ya chaji, milioni mbili na nusu. Kumbe ni soketi imeungua!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira tangu Jumapili, na nisipoandika nitaenda kumfanyia mtu kitu pale gereji.

Nina pikipiki ya safari ndefu, cc 1,300, silinda nne, ya shafti badala ya mnyororo, imetumika Japani kabla ya kushushwa bandarini. Chapa siitaji kwa sababu ugonjwa huu unazipata nyingi. Gereji nayo siitaji, maana sitaki kesi. Wakisoma watajijua.

Mara ya kwanza ilinizimikia ndani ya hifadhi ya Mikumi, saa kumi na nusu jioni, naelekea Iringa. Indiketa zikaanza kupepesa kivivu, taa ya ABS ikawaka, dashibodi ikazima na kuwaka kama taa za ukumbi wa harusi, halafu kimya. Nabonyeza stata, nasikia tik tik tik. Kibao cha tembo kinanitazama. Akasimama kijana wa boda, akaizunguka mashine mara mbili, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, kiki yake iko wapi?" Nikamwambia haina. Alicheka mpaka akalalia tangi lake. Ya kwake betri ikifa anapiga kiki anaondoka. Yangu ina pampu ya mafuta ya umeme na kompyuta, betri ikifa hata msukume watu sita mnajichosha bure.

Nikavutwa mpaka Mikumi mjini, kesho yake betri mpya ikaletwa kutoka Morogoro, 320,000. Haikuwa hata saizi yake, tukaikandamiza na kipande cha godoro. Nikarudi Dar bila shida, nikadhani yameisha.

Wiki tatu baadaye, ileile. Nikaipeleka gereji ya "wataalamu wa pikipiki kubwa". Fundi akaniambia betri ya Morogoro ni feki. Nikanunua ya kwao, 450,000. Safari iliyofuata ikafa tena. Sasa wakasema ni koili ya chaji (ile inayozalisha umeme injini ikizunguka), imeungua, iagizwe. Koili 1,150,000, ufundi 200,000, oili na gasketi 140,000. Nikalipa, mjinga mimi.

Na hapa ndipo damu inapochemka. Katika siku zote hizo sijaona mtu yeyote pale akishika mita. Kipimo chao cha chaji kilikuwa hiki: washa injini, chomoa waya wa betri, ikiendelea kuunguruma basi chaji ipo. Jamani! Ile ni mbinu ya magari ya babu zetu. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa mfumo mzima. Ukiichomoa injini ikiwa inazunguka, volti zinaweza kuruka juu ghafla na kuua kompyuta. Nilipomuuliza, akanijibu, "Bro, nimeanza kazi hii wewe uko shule."

Mara ya nne ikawa Kitonga. Nimetoka Ruaha Mbuyuni joto linachoma, napanda mdogomdogo nyuma ya malori, feni ya rejeta haizimi, taa zote zinawaka. Kona ya pili ikanifia na koili yao mpya na betri yao mpya. Kukodi Kanta ya kuishusha hadi Morogoro, 250,000. Jumlisheni wenyewe: 2,510,000.

Nikanunua mita ya 28,000 Kariakoo, nikakaa nayo uani Jumapili nzima. Naandika namba kwa ajili ya mwenye shida kama yangu.

Betri iliyojaa, injini imezimwa na imepumzika, volti 12.7. Vizuri. Nikawasha, nikaiacha ichemke nusu saa (hili ni muhimu, nitalirudia), nikatia resi mpaka mizunguko 5,000 kwa dakika na taa kubwa. Kwenye vichwa vya betri, 13.0. Hapo ilitakiwa iwe kwenye 14 hivi. Kwa hiyo chaji haifiki. Lakini haifiki kwa sababu haizalishwi, au inaliwa njiani? Hilo swali moja tu lingeniokolea milioni mbili.

Nikachomoa soketi ya nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye koili, nikaweka mita kwenye umeme wa AC, nikapima mbilimbili: 62, 63, 62. Zinalingana. Kati ya kila njano na bodi, hakuna kitu. Koili nzima. Basi nikaichukua ile ya zamani, ambayo namshukuru Mungu niliidai, nikapima ukinzani wake: jozi zote tatu zinalingana, hakuna inayogusa chuma. Na yenyewe nzima! Walinitolea koili nzima wakaniwekea koili nzima kwa milioni moja na nusu.

Nikarudishia soketi, nikarudi kwenye DC. Ncha moja ya mita kwenye waya mwekundu unaotoka rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa AC wa koili kuwa DC ya kuchaji betri), nyingine kwenye chanya ya betri, injini ikiwa kwenye 5,000. Waya mzima ungenipa sehemu ndogo tu ya volti. Nikapata 1.3. Upande wa hasi 0.1, safi. Na pale mdomoni mwa rektifaya zilikuwepo 14.4. Yaani umeme unazalishwa wote, kisha volti 1.3 zinapotelea kwenye waya ambao haufiki hata mita moja.

Nikaufuata kwa kidole. Chini ya kiti, nyuma ya boksi la zana, kuna soketi ya plastiki nyeupe. Ilikuwa nyeupe zamani. Sasa ina rangi ya chai ya maziwa, upande mmoja umeyeyuka, pini moja nyeusi na inacheza. Pigeni hesabu: zikipita ampea 15 hapo, 1.3 mara 15 ni karibu wati 20 za joto ndani ya plastiki ndogo kuliko kiberiti. Inapika. Ikipata moto ukinzani unapanda, ukinzani ukipanda inazidi kupata moto. Ndiyo maana asubuhi gereji, mashine ya baridi, fundi anawasha anasema "iko poa kaka", na mimi nafia Kitonga.

Soketi hiyo haikuhitaji mita kuiona. Ilihitaji kunyanyua kiti. Na walikinyanyua mara mbili kuweka betri!

Nimekata ile takataka, nimeweka pini mpya za kukaza kwa koleo lake na waya mnene zaidi kutoka rektifaya moja kwa moja hadi betri, fyuzi ya 30 karibu na betri. Gharama 22,000. Sasa 5,000 na taa zote, 14.2. Nimekimbia Chalinze na kurudi kwenye foleni ya Kibaha, haijashuka chini ya 13.6 hata kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila resi.

Jana nilimpigia bosi wao kwa heshima zote, nikamweleza namba moja moja. Jibu lake: "Kaka, hizo mashine kubwa umeme wake ndivyo ulivyo, ukitaka amani nunua boda." Pesa ya koili harudishi kwa sababu "kifaa kikishafungwa kimefungwa."

Sasa msaada. Imebaki kero moja ambayo kabla ya gereji haikuwepo. Nikikata usukani kushoto hadi mwisho, dashibodi inazima nukta moja na saa inarudi 1:00. Nikichungulia shingoni naona furushi la nyaya wamelibana kwa kamba ya plastiki mpaka limejikunja. Nadhani kuna waya umekatika ndani ya ganda. Aliyewahi kufungua hapo, tangi lazima litoke au naweza kuingilia upande wa taa ya mbele?

Na ile koili yangu ya zamani nauza. Njooni na mita zenu.